Bolti Iliyozikwa kwenye Zege: Namna ya Kuikagua Kabla Haijaachia

Bolti inapong'oka kwenye zege, mara nyingi haitoki tupu. Inatoka na bonge la zege lililokuwa limeishika, pana kwa juu na jembamba kwa chini kama faneli, na chuma chenyewe unakikuta kizima, uzi wake haujaguswa. Fundi asiyejua anaifuta vumbi, anasema bolti bado nzima, anatoboa tundu jingine sentimita chache pembeni na kuifunga upya. Ameirudisha hatari palepale ilipotokea, na safari hii kwenye zege lililokwisha kupasuka.

Kwa hiyo unapokagua bolti iliyofungwa kwenye zege, chuma ndicho kiwe kitu cha mwisho kukitilia shaka. Shaka ianze kwenye zege, kisha kwenye tundu, kisha kwenye namna tundu lilivyotobolewa na kusafishwa.

Nawaandikia hasa watu wa Lugoba na majirani zao wa barabara ya Segera, kuanzia Chalinze hadi Msata na Mandera, pamoja na ndugu zetu wa Bagamoyo wanaoishi na hewa ya chumvi. Lugoba inajulikana kwa mawe. Kokoto za hapa zinapakiwa kwenye matipa kila siku kwenda kujenga Dar es Salaam, na watu wengi hapa wanajua kokoto nzuri kwa kuitazama tu. Bolti hazitazamwi hivyo. Krasha limesimama juu ya bolti. Mkanda unaopandisha kokoto umefungwa kwa bolti. Tanki la maji juu ya mnara, geti la nyumba ya wageni, vipaza sauti vya msikiti, reli ya ngazi ya shule na paneli za umeme wa jua, vyote vinategemea vipande vya chuma virefu kama kidole ambavyo vikishafungwa havifuatiliwi tena.

Jua kwanza imeshika nini

Majengo yetu ukiyatazama kwa nje yote ni zege. Yamepigwa lipu na kupakwa rangi, huoni tofauti kati ya nguzo, mkanda wa juu wa ukuta na tofali. Nyuma ya lipu ya sentimita mbili kunaweza kuwa na zege lenye nondo, na kunaweza kuwa na tofali la vumbi la mawe lililofyatuliwa kwa saruji haba, mfuko mmoja ukitolewa tofali zaidi ya 40. Bolti ya kutanuka iliyofungwa kwenye tofali la namna hiyo inalipasua kwa ndani siku ileile inayokazwa, na lipu inauficha ufa.

"Fundi, hapa nyuma kuna nguzo?"

"Zege tupu hapa, bosi, usiwe na wasiwasi."

Usibishane naye. Mwombe atoboe tundu dogo la milimita sita, usimame karibu, uvae miwani na barakoa, utazame vumbi linalotoka. Sentimita mbili za mwanzo ni laini, vumbi lake la kijivu hafifu: hiyo ni lipu. Baada ya hapo drili ikilalamika, ikienda polepole, na vumbi likawa jembamba la kijivu au jeupe na mara mojamoja biti ikaruka kwa sababu imekutana na kokoto, uko kwenye zege. Drili ikizama bila taabu na vumbi likatoka la punjepunje kama mchanga, hilo ni tofali la saruji. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Na biti ikidumbukia ghafla, nyuma kuna uwazi, na bolti ya kutanuka haina kazi hapo. Kwa kuta za namna hiyo kuna njia nyingine: pitisha bolti ndefu hadi upande wa pili ukaweke bamba la chuma na nati, au hamisha mzigo uende kwenye nguzo au mkanda.

Kina ndicho kinachobeba. Bolti iliyozama sentimita 10 ndani ya zege zima inashikwa na ile faneli ya zege inayosambaa takriban sentimita 15 kila upande. Ndiyo maana bolti mbili za kina hicho zinapokaribiana chini ya sentimita 30 zinagombea zege moja, na bolti iliyo chini ya sentimita 15 kutoka ukingoni imekatiwa sehemu ya faneli yake. Sasa fikiria fundi aliyepewa bolti ya kuzama sentimita 10 akaipitisha kwenye bamba la sentimita moja na lipu ya sentimita mbili. Ndani ya zege zimebaki sentimita saba. Nguvu ya zege kushika haipungui sawasawa na kina, inapungua kwa kasi zaidi: bolti hiyo imepoteza karibu asilimia 40 ya uwezo wake, na kwa nje inafanana kabisa na nyingine. Kanuni yangu ni moja tu: lipu isihesabiwe kamwe. Mahali pa mzigo mkubwa, bandua lipu yote chini ya bamba hadi ulione zege.

Zege lenyewe lipewe muda. Kutoboa na kufunga bolti kwenye zege la wiki moja ni haraka isiyo na faida, kwani nguvu inayotumiwa kwenye hesabu ni ile ya siku 28.

Aina tatu na udhaifu wa kila moja

Bolti iliyowekwa kabla ya kumwaga zege, ikiwa na kichwa au bamba kwa chini, au imepindwa, ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Udhaifu wake ni kukaa mahali pasipo pake. Fremu ya kuzishikilia ikisogea wakati wa kumwaga, bolti hazilingani na matundu ya mashine, na hapo utawaona watu wanazipiga nyundo zipinde au wanalipanua tundu la bamba kwa moto. Bolti iliyopindwa kwa nyundo juu ya zege imeumia mahali usipopaona, pale inapoingia kwenye zege. Ukikuta ya hivyo kwenye mashine inayotikisika, iandike kuwa ya kubadilishwa.

Bolti ya kutanuka, ile ambayo dukani ukiomba Rawlbolt ndiyo utakayopewa hata kama kiwanda ni kingine, inashika kwa kusukuma kuta za tundu. Inataka tundu la kipenyo kamili. Biti iliyochakaa inatoa tundu jembamba, fundi anaipiga bolti hadi uzi unaharibika; biti iliyopinda inatoa tundu pana, bolti inazunguka. Hapo ndipo vijiti vya mbao, misumari na vipande vya mfuko wa saruji vinapoingizwa pembeni ili ishike. Ukiona kitu chochote kimechomekwa kando ya bolti, hiyo haijafungwa.

Ya tatu ni fimbo ya uzi inayoshikwa kwa gundi ya kemikali. Ikifanywa vizuri ina nguvu kubwa na haisukumi kuta za tundu, hivyo inafaa karibu na ukingo. Ikifanywa ovyo ni ya hatari kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani kabisa. Vumbi lililobaki ndani ya tundu linaweza kula zaidi ya nusu ya nguvu yake, maana gundi inashika vumbi badala ya zege. Tundu lipulizwe kwa pampu, lisuguliwe kwa brashi ya waya ya kipenyo chake, lipulizwe tena, na kazi hiyo irudiwe kama kiwanda kilivyoagiza. Usipulize kwa mdomo: unaingiza unyevu ndani ya tundu na vumbi machoni mwako. Gundi ya mwanzo inayotoka kwenye mrija itupwe mpaka rangi iwe moja. Tena soma tarehe ya kuisha muda na joto la kuhifadhia. Maboksi mengi yanataka nyuzijoto kati ya 5 na 25, na duka la bati pale Chalinze saa nane mchana halipo kwenye kipimo hicho.

Kuna ajali mbili duniani ambazo kila mwenye bolti juu ya vichwa vya watu anapaswa kuzijua. Tarehe 10 Julai 2006, huko Boston nchini Marekani, mapande ya zege ya dari ya handaki la barabara yalianguka juu ya gari na kumuua abiria. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba fimbo za dari zilishikwa kwa gundi ya kukauka haraka ambayo haistahimili mzigo unaoning'inia muda wote. Ilikuwa inaachia polepole, milimita kwa milimita. Dalili zilikuwepo. Mwaka 1999, ujenzi ukiendelea, baadhi ya bolti zilionekana zimeshuka, zikarekebishwa, na chanzo hakikujulikana. Tarehe 2 Desemba 2012 ikawa zamu ya Japani, kwenye handaki la Sasago lililofunguliwa mwaka 1977: zaidi ya mita 130 za dari zilianguka na watu tisa wakafa. Handaki lilikuwa limekaguliwa Septemba ya mwaka huohuo, ila bolti za juu hazikugongwa kwa nyundo. Zilitazamwa kwa mbali, kutoka chini.

Kwa hiyo panda ngazi. Bolti iliyo juu ya vichwa vya watu haikaguliwi ukiwa umesimama sakafuni.

Macho, nyundo, spana

Vifaa vya ukaguzi vinaenea kwenye ndoo moja: tochi, brashi ya waya, nyundo ya gramu 300 hivi, rula, spana, kalamu ya rangi isiyofutika, na simu ya kupigia picha. Anza kwa kusafisha. Ukikagua bolti ikiwa imefunikwa na vumbi la kokoto au matabaka ya rangi, utakuwa umekagua vumbi na rangi. Nina chuki ya pekee na tabia ya kupaka rangi juu ya nati zenye kutu wiki moja kabla ya mkaguzi kufika. Inaficha kutu isionekane na watu wenye mali yenyewe.

Inama mpaka jicho lilingane na bamba. Tazama mstari ule ambapo bamba linakutana na zege. Uwazi unaopitisha ncha ya kisu maana yake bamba limenyanyuka au halikuwahi kulala vizuri. Tazama washa: ikiwa pembeni yake kuna mduara wa unga mwekundu mwembamba, chuma kinasugua chuma, yaani kuna mwendo. Fuata nyufa kwa kidole. Ufa wa mduara kuizunguka bolti ni ile faneli inaanza kutoka. Ufa ulionyooka kutoka kwenye bolti kwenda ukingoni ni zege linasukumwa upande. Na ufa wenye mchirizi wa rangi ya kahawia umetoka kwenye kutu iliyo ndani. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilichoizaa, hivyo inalipasua zege kwa kulisukuma kutoka ndani.

Kisha gonga. Gonga zege kuizunguka bolti, taratibu, ukitoka mbali na kuja karibu. Zege zima linajibu kwa mlio mkali mfupi na nyundo inaruka. Zege lililobanduka ndani linajibu kwa sauti nzito ya uwazi, na ukiweka kiganja upande wa pili utasikia mtetemo. Gonga na bolti yenyewe pembeni, kidole chako kikiwa pale bolti inapokutana na zege. Ikicheza, hata kidogo, kidole kitajua kabla ya jicho.

Spana ije mwisho, na kwa adabu. Kila bolti ina kipimo chake cha kukaza kilichotolewa na kiwanda, na kukaza kupita hapo kunaanza kuing'oa. Kama huna spana ya kupimia mkazo, njia ya kukadiria ipo: mzigo wa kilo 20 ukining'inia nusu mita kutoka katikati ya nati, mpini ukiwa umelala, unatoa takriban nyutoni-mita 98; kilo 10 zinatoa nusu yake. Tofauti na hilo, kijana mwenye nguvu akiongeza bomba kwenye spana namba 19 anaweza kuiua bolti ya milimita 12 huku anaamini ameikaza. Fahamu pia kwamba bolti ya kutanuka hupoteza sehemu kubwa ya mkazo wake wa mwanzo siku chache baada ya kufungwa, kwa kuwa zege linakubali kidogo. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni nati inayozunguka bila kukaza, au inayokubali robo mzunguko kila unapokuja. Hiyo imeshindwa, na kuichomelea kwenye bamba hakuiponyi. Kunakunyima dalili, na joto la kuchomelea linaiharibu gundi kama ni bolti ya gundi.

Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati, kupitia washa, hadi kwenye bamba. Siku nati ikigeuka, mstari unakatika, na mlinzi wa usiku mwenye tochi anaweza kuliona hilo bila kujua lolote la uhandisi. Katika yote niliyoyaandika, hili ndilo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo ningependa nilikute kwenye kila krasha la Lugoba.

Krasha

Mashine ya taya haikai juu ya msingi wake kwa utulivu. Kila taya likifunga juu ya jiwe, msukumo unashuka kwenye fremu, na bolti zinavutwa na kuachiwa, mara nyingi kwa dakika, siku nzima. Bolti za kawaida za kutanuka hazikuundwa kwa maisha hayo. Msingi wa krasha unataka bolti zilizomwagiwa zege, ndefu, zenye nati mbili, na chini ya fremu pajazwe grauti (uji wa saruji wa kujazia) isiyosinyaa. Kama ulinunua mashine iliyotumika na ukaifunga kwa bolti za kutanuka kwa sababu kazi ilikuwa inasubiri, panga kuzibadilisha kabla bolti hazijakupangia.

Kabla hujagusa chochote, zima mashine, kata umeme kwenye swichi kubwa, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayekwenda kuinama chini. Uwe mfukoni mwake yeye, usibaki kwa msimamizi. Kama ni injini ya dizeli, toa betri au funga njia ya mafuta. Ondoa jiwe lililobanwa kwenye taya, na subiri gurudumu zito lisimame kabisa.

Dalili ya kwanza ya msingi unaoachia haipo kwenye nati. Ipo chini ya ukingo wa fremu, na inaonekana vizuri asubuhi baada ya mvua: uji wa kijivu uliotemwa pembeni. Fremu inapanda na kushuka kiasi kisichoonekana, maji yanaingia, yanasaga grauti na kuitoa nje kidogokidogo. Ukiuona uji huo mara moja, ukausafisha, na ukirudi baada ya kazi ya siku mbili ukaukuta tena, grauti imekwisha kazi, hata kama nati zote zimekaza. Kukaza nati juu ya uwazi kunaikunja fremu na kuongeza mvuto kwenye bolti. Dawa ni kusimamisha kazi, kunyanyua, kuchokonoa grauti mbovu yote na kujaza upya. Tazama pia mafuta: grauti na zege lililolowa oili ya mashine kwa miaka hulegea, na gundi mpya haitashika hapo.

Nyufa kwenye kona za msingi, pale bolti zilipo karibu na ukingo, zipimwe. Chora alama ya kalamu kila mwisho wa ufa na uandike tarehe. Ufa uliosimama mahali pamoja miezi sita si sawa na ule unaovuka alama yake kila mwezi.

Mistari ya rangi itazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Nyundo na spana zipite kila mwezi, na mara moja ya ziada kila baada ya jiwe kubwa kubana taya ghafla, maana mshtuko huo ni mkubwa kuliko kazi ya wiki. Machimbo ya kokoto yapo chini ya sheria ya madini, na Kanuni za usalama za mwaka 2010 zinamtaka mwenye leseni kulinda watu wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti hatari. Kijana anayelipwa kwa siku akisema fremu inacheza, usimamishwe mtambo, asisimamishwe yeye.

Tanki, upepo na chumvi

Watu wanaogopa tanki lililojaa. La lita 5,000 likijaa ni tani tano, na ni kweli mnara lazima uzibebe. Lakini bolti za chini ya mnara zinahitajika zaidi tanki likiwa tupu, maana jepesi lile juu ya miguu mirefu ndilo upepo unalolisukuma, na bolti za upande wa upepo zinavutwa juu. Tanki tupu lifungwe kwenye mnara, na mnara ufungwe ardhini kwenye zege lenye uzito wa kutosha. Bonge la zege la ndoo mbili chini ya kila mguu litang'oka pamoja na bolti zake zikiwa salama kabisa.

Pwani yetu haijazoea vimbunga, na hilo limetulegeza. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Zanzibar na kuharibu majengo ya misheni ya Bagamoyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Hata bila kimbunga, upepo wa kabla ya mvua ya masika unatosha kuangusha mnara uliofungwa ovyo. Kwa hiyo matanki, mageti, reli na paneli vikaguliwe mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Lugoba iko mbali kidogo na bahari, na bolti iliyochovywa zinki ya moto inakaa miaka mingi. Ile inayong'aa kwa rangi ya manjano au ya fedha, ya bei nafuu, ina zinki nyembamba ya kufaa ndani ya nyumba pakavu tu. Bagamoyo, Mbweni na Kunduchi ni habari nyingine. Pale tafuta chuma cha pua, na usikubali neno la muuzaji: soma kichwa cha bolti. Alama A4 ndiyo ya kustahimili hewa ya bahari. A2 itaanza madoa mapema. Alama 8.8 inakuambia nguvu ya chuma na haikuambii lolote kuhusu kutu. Washa na nati ziwe za aina ileile, kwa sababu washa ya zinki chini ya nati ya chuma cha pua inaliwa haraka. Na kama jengo lilimwagwa kwa mchanga wa ufukweni, chumvi imo ndani ya zege tayari, kutu itaanzia ndani, na hapo nyundo ni muhimu kuliko macho.

Nyumba za kale za Bagamoyo za mawe ya matumbawe na chokaa zisitobolewe kwa bolti za kutanuka. Jiwe la tumbawe lina matundu na linasagika, na majengo yaliyohifadhiwa yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Omba kibali, na uombe ushauri.

Pete ya kufungia mkanda wa usalama

Hapa sina mjadala. Pete au bolti ambayo mtu anafungia mkanda wake akiwa juu ya paa au ndani ya pipa la kokoto haikadiriwi kwa nyundo na kidole. Mtu wa kilo 80 akianguka mita moja na kamba isiyonyumbuka, mvuto kwenye bolti unakuwa mkubwa mara nyingi kuliko uzito wake. Kanuni za Marekani zinataka pete ya mtu mmoja ihimili takriban tani mbili na robo. Anayefunga kazi hiyo awe amesomea, aandike aina ya bolti, kina na tarehe, na bolti zipimwe kwa mashine ya kuvuta. Mwongozo wa Uingereza wa BS 8539 wa mwaka 2012 unataka katika kazi za kawaida ivutwe angalau bolti moja katika kila 40, zisipungue tatu, hadi mara moja na nusu ya mzigo wake wa kazi. Kwa pete za kuokoa maisha mimi ningevuta zote. Mtumiaji aitazame kila mara kabla ya kujifunga, mtaalamu aikague angalau mara moja kwa mwaka, na pete iliyokwisha kudaka mtu aliyeanguka iondolewe hata kama haina mkwaruzo. Usijaribu nguvu yake kwa kuning'inia.

Ikishindwa

Kwanza ondoa mzigo na watu. Kisha ikate bolti iliyoshindwa usawa wa zege, ili asije mwingine akaikuta na kuiamini. Bandua zege bovu hadi ufike kwenye zima linalolia vizuri, lijaze kwa grauti isiyosinyaa, na bolti mpya iende mbali, angalau mara mbili ya kina cha tundu la zamani, nje ya eneo lililopasuka. Kama bamba halina nafasi, tengeneza bamba pana zaidi. Tundu la zamani lisitumiwe tena kwa bolti nene zaidi ila kama mhandisi amelipima na kuandika. Na ikiwa bolti mbili katika kundi moja zimeachia, chukulia kwamba zilizobaki zimebeba mzigo uliozidi. Zikaguliwe zote, maana kilichoziangusha mbili kimezigusa na nyingine.

Andika kwenye daftari la kawaida la shule, moja kwa kila mtambo au jengo. Zipe bolti namba kwa rangi, uchore ramani yake ukurasa wa kwanza. Kila ukaguzi upate tarehe, jina la aliyekagua, kilichoonekana, kilichofanywa, na namba ya picha. "Namba 4: nati iligeuka robo, imekazwa, 12 Februari" ni maandishi ya thamani, kwa sababu mwezi Machi ikigeuka tena, yeyote mwenye daftari, hata aliyeajiriwa jana, atajua kwamba namba 4 haidai kukazwa. Inadai kutolewa.